Uzinduzi wa Kituo cha Utumbo, Lituhi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kutokana na udhuru wa wote walioalikwa kabla yangu ni mimi mwenyewe. Mwenyekiti wa Kijiji, Mzee Aidan, shikamoo. Baba Padri, ambaye gari lake ndilo lililonileta. Dada Hedwiga wa zahanati. Akina mama wa ngoma ya kioda mliocheza tangu asubuhi bila chai. Wafanyabiashara binafsi, wadau wa maendeleo, na ninyi wagonjwa mliokuja na viberiti: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mbuzi anaondolewa jukwaani.)

Ndugu wananchi, mimi Wendelin, Mratibu wa Muda wa Kamati ya Kudumu ya Utumbo, cheo nilichopewa kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali kulitamka neno hilo mbele ya Mkuu wa Wilaya, nimekuja kuzindua mradi mkubwa kuliko yote tangu zama hizi za ruksa zianze. Jiwe la msingi lipo nyuma ya pazia hili. Wenye macho makali wataona chini ya rangi mpya maandishi ya ghala la kahawa la Kitai. Hayo tunayaita matumizi endelevu ya rasilimali. (Kicheko.)

Kwa mujibu wa semina niliyohudhuria Songea, ambamo nilisinzia kipindi cha mchana tu, kuna maradhi ya uvimbe wa utumbo ambayo si minyoo, si kuhara kwa kawaida, wala si yale mnayonong'ona. Askari wa mwili, yaani chembe nyeupe, huvamia ukuta wa utumbo kama mgambo wanaomsaka mwizi kwa kuchoma nyumba. Moto wao ni oksijeni kali, chembe zisizo na mwenzi, kila moja ikimpora jirani yake, na jirani naye akimpora jirani, mfano wa wanunuzi wa kahawa tangu ushirika wetu ulegee. (Kicheko kutoka kwa waliotoka milimani.) Mwili una wazimamoto wake, antioksidanti, lakini wakielemewa ukuta hubabuka na kutoa damu, askari zaidi huitwa, nao huja na moto wao. Hali hiyo kitaalamu ni mkazo wa oksidesheni. Kama moto huo ndio chanzo cha ugonjwa au ni matokeo yake, wataalamu bado wanabishana. Niliulizwa swali hilo kwenye semina, nikajibu kwamba liko kwenye mchakato. Samahani kidogo.

(Mgeni Rasmi anaelekea nyuma ya shule kwa haraka. Kioda inapigwa. Anarudi akifunga mkanda.)

Asanteni kwa uvumilivu. Mkanda huu una matundu mapya, mke wangu Devotha huyatoboa kwa msumari kila ninapokonda, na najua kule Mbinga wanasema nini kuhusu matundu hayo. Tuendelee. Implementesheni ya mradi imefikia asilimia tisini na nane. Asilimia mbili zilizobaki ni jengo, darubini, kamera ya kuingia tumboni, na daktari. (Makofi.)

Nawapongeza kwa kuitikia tangazo langu. Nilisema kila mgonjwa alete choo kikubwa kidogo ndani ya kiberiti, kama tulivyozoea zahanati, nanyi mmevipanga vyote kwenye meza ya Mgeni Rasmi, karibu na soda yake. (Kicheko kirefu.) Naona pia cha mama Emiliana, mkausha usipa, dagaa wa ziwa letu, ambaye anahara damu tangu mwaka juzi. Mama, simama wakuone.

(Emiliana anasimama. "Hospitalini Liuli walinipima ugonjwa ule wa kisasa, baba, sina. Lakini watu hawanunui usipa wangu. Wanasema, kama si huo, taja ni upi. Mimi nataka jina lake tu.")

Hoja imepokelewa. Tumalizie kwa kaulimbiu. Utumbo! (Oyee!) Oksijeni kali! (Idhibitiwe!) Wafadhili! (Wadumu!)

Kwa namna ya pekee nawashukuru wafadhili hao, ambao hawapo. Niliwataja mara ya kwanza kwenye kikao cha wilaya, ili na mimi nionekane nina mradi kama wenzangu. Kikao kikapiga makofi, na makofi ni matamu, nikaongeza darubini, nikaongeza kamera. Namshukuru mkandarasi ambaye hakuteuliwa. Nyuma ya pazia kuna jiwe tu, na hilo jiwe linarudi Kitai jioni. Hapajawahi kuwa na kituo, mama Emiliana, na naona aibu kukwambia baada ya kukusimamisha juani. (Manung'uniko. Mzee Aidan anainamisha kichwa.)

Jina la kitaalamu sina mamlaka ya kukupa, maana hakuna aliyekupima utumbo. Lakini nami nahara damu, na mmenihesabu nikienda nyuma ya shule. Basi kuanzia leo, anayekataa usipa wako mwambie unao ugonjwa wa Mratibu. Akibisha, aje ofisini aniulize mimi, nitamwonyesha mkanda.

(Emiliana: "Ugonjwa wa Mratibu. Haya, baba." Anakaa.)

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Naomba kila mmoja achukue kiberiti chake wakati wa kutoka. Hicho cha mwisho, kando ya soda, mkiache. Ni changu.