Ukuta Wangu na Mbuzi wa Mavuno

Leo nimeaibika mbele ya kanisa zima, wakwe wakiwemo. (Wakwe watarajiwa. Na baada ya leo, hata hilo neno "watarajiwa" sina uhakika nalo.)

Mnaonifahamu mnajua kazi yangu ni kupaka rangi nyumba. Nusu ya mageti ya mtaa wetu hapa Hewa Bora nimeyapaka mimi. Mnajua pia habari za Nadine, msichana ninayetaka kumwoa. Msichojua ni kwamba baba yake, Papa Kalenga, ambaye ni mzee wa kanisa kijijini kwao, alinirudisha mikono mitupu nilipokwenda mara ya kwanza. Alishika viganja vyangu, akavigeuza, akaniuliza kama kazi ya brashi inaweza kulisha mtu. Nikasema inaweza. Akasema nirudi siku ya Mavuno. Akiridhika na mimi, atanisimamisha mbele ya waumini atangaze kwamba huyu ndiye anayemwomba binti yake. Kijijini kwao tangazo hilo likitoka, mazungumzo ya mahari yanaanza. Lisipotoka, wewe ni mgeni tu uliyekuja kula.

Basi jana jioni nikafika na begi langu na brashi zangu mbili nzuri. Nikalala kwa pasta.

Mavuno kwao ni sikukuu kubwa. Kila familia inaleta kanisani kitu ilichovuna au ilichofuga: mahindi, karanga, mihogo, kuku, mbuzi. Baada ya ibada wote wanakula bukari, ugali wa muhogo, pamoja pale uwanjani. Na kabla ya hayo yote, ukuta wa mbele wa kanisa lazima upakwe upya uwe mweupe. Hawanunui chokaa ya dukani. Wanachimba pemba, udongo mweupe wa kule mtoni, wanaukausha, wanautwanga, wanauchekecha mpaka unakuwa laini.

Kupaka ni kazi ya vijana wa kanisa. Nikaiomba mwenyewe. (Hakuna aliyenituma. Nalisema hili ili lawama isimwendee mtu mwingine.) Nilitaka Papa Kalenga atoke nyumbani kwake asubuhi, aone ukuta, aache kuuliza maswali kuhusu brashi.

Alfajiri Mama Ngoy, kiongozi wa akina mama na mpishi mkuu wa siku hiyo, akanikuta nakunja suruali.

"Mu chumba ya pasta kuko mifuko mbili," akasema. "Moja ya pemba, moja ya bunga ya bukari. Utie pemba mu maji, kisha utie kikombe moja tu ya bunga, kusudi pemba ikamate ku ukuta. Ngoja nimalize kuosha nyungu, nitakuya kukuonyesha."

"Mama, usisumbuke. Miye niko fundi."

"Fundi wa ku ville, ku Lubumbashi. Pemba ya huku unaiyua?"

"Mama, miaka kumi napaka. Enda kupika tu."

Akanitazama. Akaenda kupika. Ningeweza kumwita tena hapo hapo, na leo msingekuwa mnasoma haya.

Nikaingia chumbani. Mifuko miwili kweli, yote ileile ya plastiki iliyofumwa, yote imefungwa kwa kamba ya baiskeli. Nikafungua wa kwanza: unga laini, mweupe sana. Nikafungua wa pili: unga laini, mweupe unaoelekea kijivu. Sasa sikilizeni jinsi fundi alivyofikiri. Kitu cha kupaka ukuta lazima ndicho cheupe zaidi, si ndiyo? Na muhogo uliolowekwa vibaya huwa wa kijivu kijivu, huo tumeula sote. Kwa hiyo mfuko mweupe ni pemba, mfuko wa kijivu ni unga. Nilinusa ule mweupe. Ulikuwa na harufu ya uchachu, kama muhogo uliolala majini. Nikajiambia udongo wa mtoni ndivyo unavyonuka. (Sijawahi kunusa udongo wa mtoni. Nilijiambia tu.)

Nikachanganya ndoo tatu. Kutoka kwenye ule mfuko wa kijivu nikachota kikombe kimoja tu, kama nilivyoelekezwa. Mimi ni mtu wa kufuata maelekezo.

Jamani, ukuta ule ulitoka vizuri. Nikapiga mkono wa kwanza, jua likaukausha. Nikaona mfuko bado una kitu, nikapiga mkono wa pili. Nikaona si vizuri kubakiza, nikapaka na nguzo za mlango. Mfuko ukaisha wote. Watu waliokuwa wanapita kwenda kuchota maji walisimama kutazama. Papa Kalenga mwenyewe akaja, akakunja mikono kifuani, akatazama kwa muda mrefu.

"Hii iko muzuri," akasema. "Hata mwaka yenye ilipita haikukuwa neupe vile."

Nikataka kulia kwa furaha. Nadine alikuwa nyuma yake, akanionyesha meno yote.

Kwa moyo wangu mwema nikaubeba ule mfuko wa pili mabegani, nikaupeleka jikoni. Mama Ngoy alikuwa amekwenda kuvaa sare ya kwaya. Nikawakuta wasichana wanaosha samaki wakavu ambao shangazi yake Nadine alileta kutoka Pweto. "Bunga yenu hii hapa," nikawaambia. Wakanishukuru. Mfuko wenyewe niliona ni mzito kuliko kawaida ya unga, lakini mkwe halalamiki.

Ibada ikaanza. Kwaya ikaimba, pasta akahubiri, familia zikapita mbele na mavuno yao. Mbuzi saba wa sadaka hawakuingizwa ndani. Walifungwa nje chini ya miti, upande wa mbele wa kanisa. Katikati ya mahubiri nikaona msichana mmoja wa jikoni ameingia kwa kunyata, akamnong'oneza Mama Ngoy. Mama Ngoy akatoka. Sikujali. Nilikuwa nafikiria nitasimama vipi.

Baada ya baraka, wote tukatoka uwanjani. Papa Kalenga akanishika mkono, akanipeleka mpaka mbele ya ukuta wangu, akanigeuza niwatazame watu. Nadine akasimama upande wa mama yake.

"Bandugu," Papa Kalenga akaanza. "Muko munaona huyu kijana. Alitoka ku Lubumbashi. Mukono yake njo ilipakala hii nyumba ya Mungu. Miye nilikuwa na mashaka juu yake. Leo nataka kusema..."

Hakusema. Macho ya watu yote yalikuwa yamehama kutoka kwangu, yanatazama nyuma ya bega langu. Nikageuka.

Mbuzi mmoja alikuwa amekata kamba. Alikuwa analamba kanisa. Hakuwa anaonja, alikuwa anakula kwa bidii, kuanzia chini kwenda juu, na pale ulimi ulipopita udongo mwekundu ulionekana. Papa Kalenga akamfukuza kwa Biblia. Mbuzi akarudi. Akaja wa pili na kamba yake, akasimama kwa miguu ya nyuma pale kwenye nguzo ya mlango. Dakika moja baadaye walikuwa wanne. Sadaka ilikuwa inakula kanisa, na sisi tumesimama tunatazama.

"Labda iko chumvi mu pemba," pasta akasema. Yule pasta ni mtu mwema, nitamkumbuka daima.

Hapo ndipo Mama Ngoy alipotokea nyuma ya kanisa. Ana sare ya kwaya, ameshika mwiko, na mwiko unadondosha maji meupe.

"Nani alileta hii kintu ku jiko?" akauliza. "Tunasonga tangu saa ine, inakataa kukamata. Nimeionja. Ni pemba!"

Nyuma yake alikuja mama mmoja mwenye mimba, anatafuna pemba ileile, akasema kwamba yeye binafsi haoni ubaya wowote. Ndiye aliyekuwa upande wangu leo, peke yake.

Papa Kalenga hakunitazama. Aliuendea ukuta, akamsogeza mbuzi, akapitisha kidole, akakitia mdomoni. Akatafuna kidogo. Watu wote walikuwa wanamtazama akitafuna.

"Bunga," akasema. "Bunga ya muhogo. Tena nzuri."

Nikajitetea. (Mdomo wangu haujui kupumzika.) Nikasema, "Papa, ile mifuko ilikuwa inafanana."

"Inafanana," akasema Papa Kalenga. "Bibi yangu, mama ya Nadine, alitwanga hii bunga siku tatu. Bamama ba kanisa bote balileta, kila muntu kibakuli yake. Weye unaikamata unapakala ku ukuta. Sasa niambie, fundi. Muntu mwenye kulisha ukuta, mutoto wangu atamulisha nini?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Pasta alijifanya anakohoa. Mama yake Nadine alijifunika uso kwa kitenge na mabega yanatetemeka, na hadi sasa sijui alikuwa analia au la. Nadine hakucheka. Nadine alitazama viatu vyake, na hilo liliniuma kuliko kicheko cha wote.

Chakula kikaletwa. Samaki wa Pweto, kuku, sombe ya majani ya muhogo, viazi vitamu vilivyochemshwa haraka haraka. Chakula kingi kweli, ila hakuna bukari. Na mnajua kwetu: ukimaliza kuku mzima bila bukari, bado hujala. Wazee walishika samaki mkononi wanatazamana. Mmoja akauliza kwa sauti kama kuna hata ya jana. Wote wakanigeukia. Nilitaka ardhi inimeze, lakini nilikuwa na njaa pia, kwa hiyo nikamwomba Papa Kalenga ruhusa ya kujipakulia.

"Jipakulie," akasema. "Na ukitamani bukari, ukuta uko pale."

Baada ya kula nikajikaza, nikamfuata. Nikamwambia Papa, kesho asubuhi nitauosha ukuta wote, nitapaka upya kwa pemba ya kweli, na gunia la unga nitawaletea kutoka mjini. Nikauliza, kwa heshima zote, kama lile neno alilolianza atalimalizia.

Akasema gunia la unga nilete. Ukuta nisiuguse.

"Kisima yetu iko karibu kukauka. Mayi ya kunywa hatutaosha nayo ukuta juu ya ujinga yako. Uiache. Siku mvua ya kwanza itasafisha hii ukuta, urudie. Tutaongea."

Nadine, aliyesimama nyuma yake, akaitikia kwa kichwa. Kwa hiyo si kwamba nimekataliwa. Nimeahirishwa.

Niko kwenye lori narudi, nimekaa juu ya magunia ya makaa. Huu ni mwezi wa saba, na mvua kwetu mnajua haianzi kabla ya mwezi wa kumi. Msinicheke. Mwenye kujua kuomba mvua aanze leo.