Sungura kwa Bunduki ya Nyati

Jumatatu, 6 Juni

Dada mkubwa katangaza sheria mpya. Wakwe watarajiwa wa binti yake wanakuja Jumamosi kula na kuzungumza. Atakayesema mezani kwa niaba ya familia ni yule atakayeleta nyama. Asiyeleta atakula, atatabasamu, na kinywa chake kitafunguka kwa kijiko tu. Alipofika kwenye kijiko akanitazama mimi.

Najua kinachomuuma. Wageni waliopita niliwasimulia nilivyomkaba chui kwa mkono mmoja, huku mwingine umeshika taa. Wali ukapoa. Mgeni mmoja akasinzia, akaangukia bakuli la mchuzi. Sasa hilo nalo kosa langu? Chui mwenyewe alikuwa mrefu, hadithi yake itakuwaje fupi?

Lakini mimi ninyamaze mbele ya wakwe! Mjomba mzima wa bibi harusi, mtu wa maneno, nikae pale kama mtungi. Heri wanizike. Nikasema papo hapo kwamba nyama ni juu yangu. Sungura, tena wengi. Wamejaa kule bondeni nyuma ya mashamba.

Shemeji akainua kichwa. Huyu ni mume wa dada mdogo, fundi saa, mtu wa maneno manne kwa siku. Akasema na yeye ataleta sungura. Kwa mitego ya waya. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Mwanamume na ndevu zake anauachia waya kazi yake.

Jumanne, 7 Juni

Silaha imepatikana. Jirani yetu mmoja ni mwindaji mstaafu, sote tunamwita Mzee Nyati. Zamani alipewa bunduki na kibali cha kulinda mashamba dhidi ya nyati. Nyati wamehama siku nyingi, bunduki na kibali vimebaki. Mtutu mpana hivi kwamba kidole gumba changu kinaingia na kuzunguka humo. Risasi yake ni kama ndizi changa.

Mzee aliuliza nakwenda kuwinda nini. Nikasema sungura. Akasema kumpiga sungura kwa chombo hiki ni kama kuzima mshumaa kwa mafuriko. Nikamuuliza mshumaa utazimika au hautazimika. Akakiri utazimika. Basi, yameisha.

Ana masharti yake. Bunduki haitoki bila yeye, ndivyo kibali kinavyosema. Yeye naye haendi popote bila kiti chake, na kiti nitabeba mimi. Tena kabla ya kila risasi lazima apulize filimbi, ili kama kuna mtu bondeni aondoke. Nikamwambia na sungura je, hawana masikio? Akasema sungura hawakutajwa kwenye kibali.

Akaniuliza kama nimewahi kupiga bunduki ya namna hii. Nikamwambia mimi na bunduki ni ulimi na mate.

Jumatano, 8 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto. Bega la kulia limeumuka kama unga wa mkate.

Tulifika bondeni alfajiri. Mimi na kiti kichwani na bunduki mgongoni, Mzee nyuma na fimbo. Akakaa. Akapuliza filimbi. Sungura mmoja, badala ya kukimbia, akasimama kwa miguu ya nyuma atazame nani anamwita. Nikafyatua.

Nitasema kweli kwa kuwa kitabu hiki ni changu na hakuna anayekisoma. Kilichofuata sikijui. Nilizinduka niko chali natazama mawingu. Mzee yuko pale pale kitini, anasema nimempata.

Kumpata nilimpata. Kazi ikawa kumwokota. Tulizunguka mpaka jua likatupiga utosini. Pale alipokuwa amesimama pana shimo la kutosha kupanda mgomba. Kilichopatikana ni sikio moja. Zuri, halina hata mkwaruzo.

Nililipeleka kwa Dada juu ya sahani, maana kitu kizuri hakipelekwi mkononi. Akaliangalia. Akauliza mwenye sikio yuko wapi. Nikamwambia kaenea. Akasema sikio moja halimtoshi mtu hata kusikilizia, sembuse kulia wali. Shemeji alikuwa pembeni anakunja waya zake, naye hajapata kitu. Hakucheka. Hapo ndipo ananiudhi. Anachekea tumboni.

Alhamisi, 9 Juni

Dawa nimeipata nikiwa nakunywa chai. Bunduki haina kosa. Kosa ni kulenga. Nikimlenga sungura, anakwisha. Basi nisimlenge! Nilenge pembeni yake kidogo, upepo wa risasi umwangushe mzima mzima bila tundu. Nyama yote ibaki. Hii ni hesabu. Mimi shule niliachia darasa la sita, tena si kwa kushindwa. Mwalimu ndiye aliyeishiwa.

Mzee alisema miaka yake yote ya nyati hajakutana na mtu anayekosa kwa makusudi. Nikamwambia ndiyo maana amestaafu.

Safari hii nilifunga mto begani kwa shuka la Dada. Filimbi ikalia. Sungura wawili kando ya kichuguu, wanatafuna kama wako kwao. Nikalenga kichuguu.

Kichuguu hakipo tena duniani. Sungura hawakuanguka. Walitimka, na si wao peke yao. Bonde zima liliinuka. Sungura ambao hata hatukujua wapo walichomoka kila kichaka, wakubwa kwa wadogo, wakashika njia moja kuelekea kwenye majani marefu upande wa mto. Nikawaambia nendeni tu, tutaonana.

Waliyeonana naye ni mwingine. Kwenye majani yale ndiko kulikotegwa waya.

Jioni Shemeji akaingia uani na mti begani, sungura saba wananing'inia. Hakwenda kwa mkewe, hakwenda kwa Dada. Alikuja moja kwa moja kwangu, akanipa mkono.

"Ahsante, shemeji. Kesho utapiga saa ngapi?"

Sijawahi kutukanwa kwa adabu kiasi kile.

Nikaenda jikoni kudai haki. Nikamweleza Dada kwamba bila mimi wale wangekuwa wamelala hadi sasa, kwa hiyo nusu ya nyama ni yangu, na nusu ya maneno vile vile. Nianze mimi, Shemeji amalizie. Tena nikaonyesha moyo: aanze yeye na "karibuni," mimi nichukue yaliyobaki. Dada alikuwa anakata vitunguu. Hata uso hakuinua.

"Kukurupusha wanyama ni kazi ya mbwa," akasema. "Na mbwa hakai mezani."

Ijumaa, 10 Juni

Nafasi ya mwisho. Sungura nimewaacha, hawana shukrani. Nimehamia kwa kanga.

Kanga ni ndege wa nidhamu, hutembea mmoja nyuma ya mwenzake kama watoto wa shule. Sasa sikiliza akili. Risasi ya nyati ikimpitia wa kwanza, inachoka kidogo. Wa pili, inachoka zaidi. Ikifika kwa wa tatu imebaki na nguvu ya kumwua tu, bila kumharibu. Wawili wa mbele nimewatoa kafara. Wa nyuma ni kitoweo. Risasi moja, sufuria imejaa, na kesho nasema mpaka wakwe waombe godoro.

Nilimchorea Mzee kwa fimbo yake mavumbini. Akautazama mchoro, akanitazama mimi, akasema anasikitika kwamba atakuwa amekufa siku watakayonijengea sanamu. Nikamshukuru.

Ili risasi iupitie mstari ilibidi nilale kifudifudi. Mzee akakataa. Akasema bunduki hii hupigwa umesimama, ili ikikusukuma uwe na pa kwenda. Ukilala mwili hauna pa kwenda, kila kitu kinaishia usoni. Nikamwambia mtu wa ukoo wetu harudi nyuma. Nikalaza shavu kwenye kitako kama mtoto kwa mama yake.

Filimbi. Kanga wakasimama, wamenyooka kama rula. Nikafyatua.

Ikanyesha manyoya. Sijaona mvua kama ile. Yalishuka pole pole, yamejaa madoadoa, yakatua kichwani na mabegani mwa Mzee mpaka naye nikadhani ataruka. Wa mbele hatukuwaona tena. Wale wa nyuma, wa kitoweo, walikwenda zao kwa miguu, wala hawakuwa na haraka.

Nilitaka kusema nimewapata. Ikatoka sauti ya ndama.

Muuguzi wa zahanati amenifunga bendeji kutoka kidevuni hadi utosini. Taya halijavunjika, limeshtuka vibaya. Kasema nisilisogeze wiki nzima, ninywe uji kwa mrija na nisitamke neno. Dada akamwuliza kama ana hakika kwamba siwezi kusema. Muuguzi akasema ana hakika. Dada akarudia kuuliza. Kisha akamshika muuguzi mikono yote miwili, akamshukuru kwa moyo.

Jumamosi, 11 Juni

Wakwe wamekuja. Baba yake bwana harusi ni mtu wa sharubu, mkewe ni mtu wa kuangalia pembe za nyumba kama kuna utando. Wali ukaletwa, na mchuzi wa sungura saba. Shemeji kakalishwa kichwani pa meza. Mimi pembeni, kichwa kimefungwa kama kifurushi, mrija mdomoni.

Shemeji akasimama. Akasema, "Karibuni." Akawaza. Akasema, "Kuleni." Akakaa.

Basi. Ndiyo hotuba yote. Tukala. Vijiko vikasikika. Mkwe mwanamume akakohoa. Mkwe mwanamke akamaliza kukagua pembe za juu, akaanza za chini. Dada mdogo alimkanyaga mumewe chini ya meza, niliona meza ikiruka, lakini maneno hayakutoka. Mpwa wangu alikuwa ameinama, anachora mezani kwa kidole, machozi yako karibu. Mtoto wa watu anataka kuolewa, na nyumba imekuwa kama msiba usio na maiti.

Mkwe wa sharubu akajaribu kutusaidia. Akasema kwao ng'ambo ya kilima wamesikia mizinga tangu Jumatano. Mkewe alishafunga mizigo akidhani vita. Kuna anayejua ilikuwa nini?

Wote wakanigeukia. Dada naye akanigeukia. Jasho lilikuwa linamtoka. Dada yangu, aliyeniita mbwa wa kukurupushia, akainama sikioni kwangu.

"Sema, mdogo wangu. Leo sema."

Nilifungua kinywa. Bendeji ikakaza, kidogo nimeze mrija. Neno halikuja. Maisha yangu yote nimekatizwa mezani, na siku ya kuombwa nimefungwa kama mbuzi wa mnada.

Sikukubali. Nilisimama. Nikaweka masikio kwa vidole viwili, nikasimama kwa miguu ya nyuma. Wakwe wakakodoa macho. Nikalala chini kifudifudi, nikalenga mguu wa meza. Mkwe mwanamke akasogeza kiti. Mpwa akaziba uso. Hapo ikatoka sauti ambayo hakuna aliyeitegemea. Shemeji akasema, "Huyo ni sungura wa Jumatano."

Akaendelea! Alisimulia kama anavyounga saa, kipande kimoja, kisha kingine, kila kimoja mahali pake. Sikio kwenye sahani. Kichuguu. Filimbi. Kiti cha Mzee juu ya kichwa changu. Mimi namfuata nyuma nikionyesha kwa mwili, naanguka chali, nazinduka, naokota sikio. Alipofika kwenye manyoya mkwe wa sharubu alikuwa ameteleza kutoka kitini, anapiga sakafu kwa kiganja. Mkewe analia kwa kicheko, anajifuta kwa kitambaa cha meza. Mpwa naye anacheka, na mama mkwe kamshika mkono. Ilipokuja chai mambo yote yalikuwa yameshakubaliwa, hata siku imepangwa.

Lakini lazima niandike hapa kwamba Shemeji ni mwongo. Alisema sungura yule alikuwa wa ukubwa wa paka. Nilisimama nyuma yake nikawaonyesha wageni kwa mikono. Wa ukubwa wa ndama, tena ndama aliyeshiba.

Jumapili, 12 Juni

Dada kaniletea uji mwenyewe, kauchuja vizuri upite kwenye mrija. Kasema jana nimeiokoa nyumba. Kisha kasema laiti taya lingeshtuka miaka kumi iliyopita. Sifa za dada yangu huja na mwiba ndani, nimezoea.

Habari kubwa ni nyingine. Jana wakati wa kuagana mkwe wa sharubu alinishika bega, lile bovu, akasema bustani yake imemalizwa na fuko. Anachimbachimba chini ya mchicha. Kumtega wameshindwa. Akauliza kwa utani kama naweza kuja nimsaidie. Mdomo umefungwa, nikatikisa kichwa kukubali. Akacheka sana. Ahadi ni ahadi.

Nimeshinda ndani nikiwaza. Fuko yuko chini ya udongo. Risasi itachoka njiani kabla haijamfikia. Ndipo nikang'amua kosa la wiki nzima, na ajabu ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeliona, si Dada, si Mzee, si Shemeji na akili zake za saa.

Bunduki ilikuwa ndogo.

Nimemwandikia Mzee Nyati kikaratasi, kwa mkono wa kushoto, kumuuliza kama anafahamiana na mtu yeyote aliyewahi kuwinda tembo.