Mama Alipoupima Mtambo Mpya wa Kutafutia

Wandugu, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe. (Shati ninalo. Suruali pia. Nazungumzia heshima.) Nawaandikia wote tuliosoma pamoja kabla hamjasikia kwa mtu mwingine, maana Mwanza habari haihitaji kompyuta.

Kwa wale mliohama, niko Mirongo, kwenye duka la vifaa vya ofisi. Nyuma ya duka kuna kompyuta tatu zilizounganishwa na intaneti kwa waya wa simu. Nawafundisha watu kutuma barua na kutafuta mambo. Mtaani naitwa Injinia. (Nilianza kujiita mwenyewe, wakazoea.)

Sasa, mama. Tangu baba afariki, anataka nirudi Sengerema nikasimamie pamba na ng'ombe. Wiki iliyopita akatuma ujumbe kwamba anakuja mwenyewe kuiona hiyo kazi inayoniweka mjini. Akiielewa, nitabaki. Asipoielewa, tunarudi wote. Mayu, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma, si mtu wa mzaha.

Saa nne asubuhi akaingia. Vumbi la njia ya kivuko cha Kigongo lilikuwa bado kwenye kanga.

"Shikamoo mayu."

"Marahaba. Haya, iko wapi kazi yenyewe?"

Hata maji alikataa! Nikamvutia kiti mbele ya kompyuta. Mle ndani tulikuwa wanne. Mimi, mama, Nasrini, na Mwalimu Mabula. Nasrini ni binti wa mwenye duka, tunafanya kazi pamoja. Mwalimu Mabula amestaafu, alifundisha Kiingereza miaka thelathini, na huja kila siku kusoma magazeti ya nje. Alikuwa anasubiri zamu yake, gazeti mkononi.

Nikaanza somo. Nikamweleza mama kwamba dunia nzima ina kurasa zilizoandikwa ndani ya kompyuta, nyingi hazihesabiki. Huwezi kuzipitia mwenyewe. Kwa hiyo kuna mtambo wa kutafutia. Unauandikia neno, nao unakwenda kukuletea kurasa zenye neno hilo.

"Mtambo upo mmoja?" akauliza.

Hapo Nasrini akadakia. "Ipo mingi, mama. Kuna mkubwa anaoutumia Kaka Deusi, na kuna mpya. Huo mpya ni moto!"

Hili ndilo gomvi letu la mwezi mzima. Mtambo mkubwa unatumiwa na kila mtu. Ukiufungua unakuta habari, hali ya hewa, nyota za bahati, matangazo yanayowakawaka. Ukurasa umeshiba. Mpya wa Nasrini ni ukurasa mweupe wenye kisanduku kimoja katikati. Basi! Mara ya kwanza nilipouona nilimwambia asubiri, bado haujamaliza kufunguka.

"Mayu, usimsikilize," nikasema. "Huo mpya hautafika Krismasi. Mkubwa ni mkubwa."

Mama akanitazama. "Hata sisi enzi zile sabuni ilikuwa moja. Tukadhani ndiyo sabuni. Siku hizi soko limefunguliwa, ile ya zamani naoshea miguu ya mbuzi." Akavuta kiti. "Ipime yote miwili. Nitafutie mtu."

"Mtu gani?"

"Ninayemjua. Ukinitafutia Mzungu nitajuaje kama ni kweli? Nitafutie wewe."

Nikacheka. Wandugu, nilicheka kwa sauti! Lazima niwaambie kwa nini. Miaka miwili iliyopita, nilipokuwa bado najifunza, niliandika kijibarua kwenye ukurasa mmoja wa Denmaki wa marafiki wa kalamu. Kijibarua chenyewe hakikuwa cha kumwonyesha mama. Lakini nilikuwa nimeshalitafuta jina langu kwenye mtambo mkubwa mara nyingi, na hakikuwahi kuonekana. Nikajua kimezama. Kama mkubwa haujakiona, hakipo.

Nikaandika kwenye mkubwa: Deusi Lugembe Mwanza. Tukasubiri. Ukurasa ukashuka taratibu, mstari baada ya mstari. Ukaleta majibu elfu ishirini na kitu. La kwanza lilikuwa hoteli. La pili padre wa Brazili. La tatu mtu anauza boti.

"Wewe uko wapi humu?" mama akauliza.

"Nipo mbele, mayu. Ni kutafuta tu."

"Kumbe umeuandikia utafute halafu unatafuta mwenyewe?"

Mwalimu Mabula akakohoa nyuma ya gazeti lake. (Alikuwa anacheka.)

Nasrini akashika kipanya. Akafungua ule mweupe, akaandika jina langu vilevile, akabonyeza.

Majibu yalikuja mawili tu. La kwanza kabisa, juu kabisa, kwa herufi za buluu, lilikuwa jina langu.

Nilipigwa na butwaa. Semeni mtakavyo, lakini mimi kazi hii naijua. Kurasa zote hizo za dunia, zenye mapadre na maboti na vita na bei za kahawa, halafu kitu kinakwenda moja kwa moja kwenye mstari mmoja nilioandika mimi, mtu wa Sengerema, na kuuweka juu! Mwili ulinisisimka. Nilisahau hata kwamba ni kijibarua kile. Nikabaki nimeachama kama mtu aliyeona meli kwa mara ya kwanza.

Nasrini akafungua.

Ndipo nikakumbuka.

Nikamtegemea Mungu na umeme wa Mwanza. Umeme huu hukatika ukipiga chafya! Nikaomba ukatike. Haukukatika. Nikaomba simu ikatike. Laini ilikuwa safi kuliko siku zote za mwaka huu.

"Kimeandikwa nini?" mama akauliza. Kiingereza hajui. Nikashukuru.

"Kimeandikwa... mimi ni kijana mchapakazi wa Mwanza. Nawasalimu watu wa Denmaki."

"Maneno yote hayo ni salamu?"

"Kiingereza ni kirefu, mayu."

Nikasikia gazeti linakunjwa. Miaka thelathini darasani, mwanadamu hawezi kuvumilia tafsiri mbovu. Mwalimu Mabula akavaa miwani, akasogea.

"Deusi, umeruka mistari," akasema, kwa upole kabisa. Akaweka kidole kwenye kioo, akatafsiri neno kwa neno. "'Mpenzi rafiki wa ng'ambo. Mimi ni yatima. Baba yangu alifariki.' Hii ni kweli, pole. 'Na mama yangu mpendwa naye alifariki mwaka jana...'"

Akamtazama mama. Akaendelea, kwa kuwa sentensi ilikuwa haijafika kwenye nukta. "'...akaniachia wadogo saba. Kila asubuhi nafukuza viboko ndipo niteke maji.'"

(Nina mdogo mmoja. Ni fundi cherehani Mabatini. Maji anateka bombani.)

Nasrini kajiziba mdomo kwa mtandio. Mimi nilikuwa natazama vidole vyangu vya miguu, vyote kumi vilikuwepo.

"Nilikufa na nini?" mama akauliza.

"Mayu, nilikuwa najifunza tu..."

"Nimekuuliza. Nilikufa na nini?"

"Haijaandikwa," Mwalimu akajibu kwa niaba yangu.

"Matanga yalikaa siku ngapi?"

"Haijaandikwa, mama."

"Mlichinja?"

"Hapana," nikasema. Sijui kwa nini nilijibu! Nilijiona kama niko kwenye kikao cha ukoo.

"Sikuchinjiwa hata mbuzi!" Akapiga makofi mara moja, akamgeukia Nasrini. "Unaona, binti yangu? Nimezikwa na ng'ombe wote wale zizini, watu wakaondoka na njaa. Na huyo Mzungu, alikutumia hata pole?"

Wandugu, hapa ndipo aibu ilipokamilika. Ilibidi niseme kweli.

"Hakuna aliyejibu, mayu. Hata mmoja."

Nilimuua mama yangu mzazi na sikupata hata kadi!

Nasrini akashindwa. Akatoka mbio hadi dukani, tukamsikia anacheka huko hadi anapaliwa. Mwalimu Mabula akavua miwani akaifuta, na macho yake pia akayafuta. Mimi iliniuma. Si kwa kuchekwa tu. Nilimwona mama amekaa pale na kanga yake ya safari, mzima, amevuka maji kuja kuniona, nami niliwahi kumfuta kwa sababu ya stempu ya Denmaki. Nikapiga goti palepale sakafuni.

"Nisamehe, mayu."

Alikuwa ameinama mbele ya kompyuta. Akanyoosha mkono, akaligusa jina langu chini ya kijibarua kwa ncha ya kidole, polepole.

"Huyu mtoto," akamwambia Mwalimu, "nimemlea miaka ishirini na sita. Nimemchapa, nimemwombea, nimemnyima chakula. Kweli yake sijawahi kuipata siku ileile. Hiki kimeipata nikiwa bado sijakaa vizuri kwenye kiti."

"Ni ajabu, mama," Mwalimu akasema.

"Ni ajabu sana." Akasimama, akafunga kanga. "Deusi, inuka. Utabaki mjini."

"Mayu! Kazi umeielewa?"

"Kazi yako sijaielewa. Hicho nimekielewa. Shambani utanidanganya kila siku na sina cha kukutafutia. Kaa karibu nacho." Akamwita Nasrini arudi. "Binti, nitakuwa nakupigia simu. Utaniandikia jina lake kila mwisho wa mwezi, kwenye huo mweupe. Ule mwingine mwachieni padre."

Basi nimebaki mjini, na gomvi la mwezi mzima limeisha. Mkubwa una hali ya hewa na nyota za bahati. Mweupe una mama yangu.

Mnaotaka kucheka, chekeni. Ila kwanza Nasrini anaomba majina yenu kamili.