Nilivyoiokoa Meli ya Bi Kondilo

Jumatatu, 4 Mei 1825

Balaa! Wazee wa kisiwa wanatafuta meli ya kuchoma. Itajazwa lami na baruti, ipelekwe hadi kwenye manowari za Sultani wa Waturuki zinazozuia chakula kuwafikia watu wetu waliozingirwa, iwashwe. Alhamisi watakuja kuikagua yetu, Kondilo. Meli ndogo, milingoti miwili, miaka minne kwenye vita vyetu vya uhuru bila kulalamika.

Marehemu nahodha Stamatis aliipa jina la mkewe. Bi Kondilo mwenyewe alikuja leo melini, kama kila wiki, kutia mafuta kwenye taa ya Mtakatifu Nikola. Mafuta yalimwagikia kiatu changu. Akasema, "Pandeli, nikikaa humu namsikia Stamatis anavyokohoa. Wakiichoma nitamsikia wapi?"

Nampenda mwanamke huyu. Basi, nimeandika. Nikamwambia aniachie mimi, karani wa meli. Gikas, serehangi wetu, msimamizi wa mabaharia, ambaye naye humletea tini, akasema kama ni hivyo tuiage kabisa.

Jumanne, 5 Mei

Nimepata hila! Nani atataka meli mbovu? Nimepiga marufuku kumwagia sitaha maji. Ikauke, ipasuke. Nimechana tanga. Nimepaka lami ovyo kila mahali, ionekane imezibwazibwa. Gikas aliuliza kama nataka ifanane na meno yangu. Wivu huo.

Alhamisi, 7 Mei

Wazee walifika. Nikawaonyesha nyufa. Nikawaonyesha lami. Nikagonga ubao wasikie ulivyokauka, nikamalizia kwa maneno niliyoyafanyia mazoezi tangu asubuhi: "Wazee wangu, hii si meli tena. Ni kuni."

Wakatazamana. Mkubwa wao akanikumbatia! Alisema wenye meli wengine wote wameapa kwamba mbao zao bado mbichi. Mzalendo ni mimi peke yangu. Kondilo imechaguliwa.

Bi Kondilo alikuwa amesimama gatini. Hakunitazama.

Jumamosi, 9 Mei

Nimejitolea kwenda nayo. Ningefanya nini kingine? Gikas naye kajitolea, eti nisije nikajisifu peke yangu. Kwanza tuling'oa kitanda cha Stamatis, tukakipandisha ngazi zote hadi nyumbani kwa mjane wake. Gikas alilia njia nzima. Mimi pia, ila nilikuwa nyuma.

Jumatano, 13 Mei

Nimerudi. Nyusi sina. Tuliifunga kwenye manowari moja, tukawasha, tukarukia mashua. Iliwaka vizuri mno. Ilikuwa kavu. Manowari nyingine zikakata nanga na kukimbia, na nafaka imewafikia watu wetu waliozingirwa. Nilitazama jina lake likiungua, nikashindwa kupiga kasia.

Bi Kondilo alitupikia dengu. Kisha akaketi kwenye kile kitanda, akafumba macho. Kikohozi kikasikika. Akasema, "Namsikia."

Alikuwa Gikas, moshi umemkaa kifuani. Nilitaka kusema. Gikas akanitazama, akakohoa tena, taratibu, kama alivyokuwa akikohoa Stamatis. Nikainamia dengu zangu. Sikuwahi kumpenda mtu yule kabla ya leo.

Alhamisi, 14 Mei

Dada yake Bi Kondilo naye ana meli, na naye analia. Wazee wanatafuta moja ya kutangulia mbele ya zote vitani. Nimemwambia aniachie mimi. Safari hii sidanganyiki! Nitaipaka rangi mpya, nitashona matanga, nitawaapia wazee kwamba kisiwani hakuna yenye mbio na nguvu kama ile. Chombo kizuri namna hiyo, nani atathubutu kukipeleka vitani?