Ombi la Kusogeza Mbele Ukaguzi wa Watoto wa Paka

Kijiji cha Ujamaa Tujikaze,
Mikumi.
19 Juni 1975

Ndugu Afisa Mifugo,

Shikamoo. Barua hii niliiandika kwanza kwa penseli, kwa hofu. Mimi ni karani wa kijiji. Mliagiza kila balozi wa nyumba kumi apate paka wa kupambana na panya, na taarifa yetu ya tarehe 12 Mei ilisema paka sita wamekwisha kugawiwa. Ukweli ni kwamba siku ile paka wa ofisi alikuwa bado na mimba. Mwenyekiti wetu, Mzee Hezekia, aliniambia, "Andika wamegawiwa, karani. Huoni tumbo hilo?" Nikaandika. Tarehe 15 mwezi huohuo akazaa wanne, ndani ya droo ya majalada.

Sasa mkaguzi wako anakuja Jumatatu kuwaona paka hao majumbani, na Mzee Hezekia ameamuru wagawiwe kesho. Uwongo wangu ukijulikana, kazi sina. Hata hivyo naomba ukaguzi usogezwe hadi baada ya tarehe 10 Julai, watakapotimiza wiki nane, kwa sababu hizi:

1. Bado wananyonya. Mama yangu, kule Berega, hatoi mtoto wa paka kabla ya miezi miwili, hata aombwe na mchungaji.

2. Tulijaribu. Balozi Sikuzani alipewa mmoja Jumatatu. Mama paka alimfuata, akamrudisha amembeba kwa meno. Akapewa tena, akarudishwa tena. Mara ya tatu Bi Sikuzani aliniambia mbele ya watu, "Mwanangu, mwambie huyo mkubwa wako aje anyonyeshe yeye." Sikumwambia.

3. Kukamata panya ni kufundishwa, na mwalimu ni mama. Aliyepelekwa kwa Balozi Cleopa alikutwa asubuhi amelala ubavuni mwa panya, kwa ajili ya baridi. Balozi anasema walipendeza, lakini amemrudisha.

4. Hili naliandika kwa uangalifu. Sisi tulitolewa milimani tulikotawanyika ili tuishi pamoja. Paka hawa tayari wanaishi pamoja, droo moja, bila kusukumwa na mtu. Kuwatawanya nyumba hadi nyumba kunaweza kuonekana ni kupinga siasa ya nchi. Sisemi kwamba aliyeagiza anapinga. Nasema kunaweza kuonekana.

5. Wawili wa kutimiza sita sijui watatoka wapi.

Wasalimie wote ofisini, pamoja na mkaguzi mwenyewe, ambaye namheshimu sana na nisingependa achoshwe na safari.

Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa,
Stefano Mathayo,
Karani wa Kijiji

Nyongeza: Nilipokuwa natafuta bahasha, mama paka amehama. Yuko nyumba ya wageni ya Bi Costancia, karibu na jiko la nyama. Nilimfuata, akanitazama kama hanijui. Watoto hawakulia. Wamekula dagaa wangu wote wa mchana, na mmoja amekamata panya juu ya barua hii. Doa hilo pembeni ndilo. Basi mkaguzi na aje Jumatatu, nao wagawiwe kesho kama alivyoamuru Mwenyekiti. Ila yule mweusi mwenye miguu myeupe naomba asihesabiwe. Amelala ndani ya koti langu, na mimi bado siko tayari.