Ubao Mkubwa Kuliko Kibanda

Jumatatu, 3 Machi
Mtaa mzima unaisimulia vibaya habari yangu na Chama cha Wafanyabiashara, na leo ndiyo kwanza nimejiunga! Ati wivu. Mimi? Fundi saa niliyefufua saa zilizokwishazikwa? Udadisi tu. Jirani yangu fundi cherehani alipobandika cheti cha chama, wateja wakamjaa kama siafu. Kina nini kile cheti? Nimekinusa. Kinanuka gundi.
Tena mama watoto kanipa hadi Jumamosi. Nisipopata saa hata moja ya kutengeneza, kibanda anapewa dada yake asukie watu nywele.

Jumanne, 4 Machi
Cheti changu kidogo kama kiganja. Aibu! Nimemwambia mchora mabango aandike jina la chama kwenye ubao, herufi kubwa kama mbuzi. Kauliza, na "fundi saa" tuandike wapi? Nikamwambia nafasi imekwisha, na mimi najulikana.

Jumatano, 5 Machi
Watu! Foleni! Saa hakuna. Wa kwanza kaleta suruali: fundi cherehani kaikata fupi, chama kinasemaje? Wa pili kakuta kamba kwenye mkate. Kumbe wanadhani hapa ndipo ofisi. Ningewafukuza, ila wameniita mheshimiwa. Mwokaji nimemtia hatiani bila kumwona.

Ijumaa, 7 Machi
Mzee mmoja kakumbatia furushi, anataka kupita mbele. Nikamwambia apange foleni ya malalamiko kama wenzake. Kaondoka kanuna.
Mara jirani yangu fundi cherehani huyo, mbio. Ati ni yeye aliyemtuma yule mzee kwangu, na furushini mna saa ya ukutani! Ati ndiyo faida ya chama, kaka, kutumiana wateja. Cheti ni karatasi tu.
Karatasi tu! Nani sasa ana wivu?

Jumamosi, 8 Machi
Saa, sifuri. Shemeji kaingia na viti na vioo, kaniambia, shemeji, toka na ubao wako. Mama watoto kalia machozi ndoo nzima.

Jumapili, 9 Machi
Nimeuchunguza ubao kutwa. Kosa nimeliona: mdogo! Nimeuongezea bati, nimeupigilia ukutani nyumbani. Tayari wawili wako mlangoni, mmoja kashika kiatu kilichobanduka soli. Naitwa mheshimiwa tena.
Na yale machozi ya mama watoto, basi, niliyatunga mimi. Alicheka mpaka akakaa chini.