Parashuti ya Mwenyekiti Mtarajiwa

Jumatatu, 16 Septemba 2024

Siku tano zimebaki. Jumamosi ni mara ya mwisho kurusha roketi mwaka huu katika shamba la Galen Schrag. Jumatatu inayofuata anapanda ngano, na baada ya hapo hakuna kukanyaga mpaka mavuno ya Juni. Uchaguzi wa chama chetu cha warusha roketi ni Oktoba tatu. Katiba inasema mwenyekiti lazima awe na cheti cha daraja la tatu, la juu kabisa. Mimi nina la pili. Basi hesabu ni rahisi. Roketi yangu ikipaa Jumamosi na kurudi nzima mikononi mwa wakaguzi wawili, nagombea, na Delbert Koehn anaondoka kwenye kiti alichokikalia miaka tisa. Isiporudi, anaendelea kukikalia.

Mkaguzi wa kwanza ni Delbert Koehn. Ndiyo. Yeye mwenyewe. Wa pili ni Marjean Unruh, aliyefundisha kemia sekondari miaka thelathini na minne. Nusu ya wilaya bado inamwita Mwalimu. Nusu hiyo hiyo bado inamwogopa.

Roketi imekamilika. Futi kumi na moja na inchi nne. Ratili arobaini na tisa bila mota. Nimeijenga kwa mikono yangu, miezi kumi na minne, kwenye banda la nyuma. Ujenzi ulipofikisha miezi sita Lorna alifungasha akaenda kwao Nebraska. Sioni uhusiano.

Tatizo ni moja. Fomu inataka picha ya kila hatua. Gundi ya ndani, inayoshika mapezi ya mkiani, niliipaka Februari. Niliipaka vizuri sana. Sikupiga picha. Sasa bomba limefungwa, haionekani. Ningeweza kumwambia Delbert hivyo. Angenisamehe mbele za watu, na sitaki kusamehewa na Delbert mbele za watu. Miaka ishirini na sita nimekagua mashamba yaliyopigwa na mvua ya mawe kwa niaba ya bima. Kila mkulima alinidanganya. Ukweli mtupu kwenye fomu huonekana kama uongo. Nimepata picha safi kwenye tovuti ya chama. Mapezi yanafanana. Nimeituma saa kumi jioni.

Jumanne, 17 Septemba

Delbert kapiga simu kabla sijanywa kahawa. Alisema picha ni nzuri sana. Anaifahamu. Aliipiga mwenyewe mwaka 2016, na kile kidole gumba pembeni, chenye plasta ya bluu, ni chake. Alikuwa amejikata na msumeno.

"Orrin, ndugu yangu, gumba langu lilifuata nini bandani kwako?"

Nilisema ni hitilafu ya kompyuta. Akasema kweli, kompyuta za siku hizi zina vidole. Akacheka mpaka akakohoa. Nilimwacha akohoe.

Saa nane mchana akafika Mwalimu na kamera nyembamba kama mrija, ile ya mafundi bomba. Akaipenyeza kwenye tundu la hewa. Akachungulia dakika kumi. Kisha akasema kazi ni safi, safi kuliko ya Delbert. Kisha akauliza, kwa sauti ile ya darasani, kwa nini nilidanganya juu ya kitu nilichokifanya vizuri. Nikamuuliza kama angependa kahawa. Akasema angependa jibu.

Ameondoka bila vyote viwili. Lakini amesaini sehemu ya ujenzi! Na Delbert akasaini kwa kumfuata. "Safi kuliko ya Delbert." Nimeyaandika maneno hayo ukutani bandani, na tarehe.

Alhamisi, 19 Septemba

Parashuti kubwa imefika kutoka kwa mshonaji wa Hutchinson. Rangi ya chungwa, upana futi kumi na nne. Juu yake jina langu kwa herufi nyeusi, kila moja futi mbili: HASKETT MWENYEKITI. Katiba inakataza mabango ya uchaguzi shambani. Haisemi lolote kuhusu angani. Nimeisoma mara tatu.

Utaratibu ni huu. Roketi ikifika kileleni hutoa parashuti ndogo na kushuka kwa kasi. Kubwa hufunguka karibu na ardhi, futi mia nane, upepo usipate nafasi ya kuichukua. Ndivyo nilivyoandika kwenye fomu. Lakini nimepiga hesabu. Futi mia nane, kwa mwendo wa futi ishirini kwa sekunde, ni sekunde arobaini. Sekunde arobaini! Wanachama wetu wengi wamepita miaka sitini. Muda huo hautoshi hata kutafuta miwani. Ikifunguka futi elfu sita, ni dakika tano. Dakika tano za kampeni, na Delbert hana pa kutazama ila juu.

Nimebadilisha namba kwenye kompyuta zote mbili za roketi. Hufanyika kwa simu tu. Nimeweka na neno jipya la siri, maana watu hawaaminiki.

Jumamosi, 21 Septemba

Magari ishirini na mawili. Mwalimu kaleta mikate ya kujazwa nyama na kabichi. Upepo maili kumi na saba kwa saa, mwisho unaoruhusiwa ishirini. Delbert, na kofia yake ya ofisa usalama, alitazama kipima upepo, akatazama roketi, akanitazama mimi. Aliuliza kama parashuti kubwa imewekwa mia nane kamili. Nilisema mia nane kamili. Akasema leo isingefaa vingine, mitambo ya umeme wa upepo iko upande ule. Kana kwamba sioni minara mia moja ya umeme mbele ya macho yangu.

Saa tano na dakika arobaini, tukahesabu kurudi nyuma. Ikaondoka. Sitaandika mengi kuhusu hilo. Ilipanda imenyooka, moto mrefu kuliko yenyewe, na mlio ukanigonga kifuani. Futi elfu tisa mia moja na arobaini. Watu walipiga kelele. Delbert alipiga makofi. Nilimwona.

Parashuti ndogo ikatoka. Halafu, futi elfu sita, kubwa. Nikanyoosha mkono niwaonyeshe.

Hakuna aliyeweza kusoma kitu. Kutoka chini ilikuwa punje ya chungwa. Herufi za futi mbili, maili moja juu! Nilihesabu muda, sikuhesabu macho. Nilimlaumu mshonaji kwa sauti. Mwalimu aliuliza mshonaji ndiye aliyeifungua huko juu?

Upepo wa juu, mkali kuliko wa chini, ukaichukua. Dakika tano tuliitazama ikienda kaskazini bila haraka. Ilipoteremka vya kutosha kusomeka, ilikuwa maili mbili na robo kutoka kwa msomaji wa karibu. Ikatua juu ya mtambo wa upepo. Juu kabisa, kwenye kile kichwa nyuma ya mapanga, futi mia mbili na sitini. Roketi ikaning'inia upande mmoja, jina langu likapepea upande wa pili.

Galen alitema ganda la mbegu ya alizeti. Akasema nimepata pazuri pa kubandika tangazo.

Sheria: bila kuikagua kwa mikono, wakaguzi hawasaini.

Jumatatu, 23 Septemba

Mafundi walisimamisha mtambo saa mbili asubuhi, wakapanda, wakaishusha kwa kamba. Nzima! Hakuna pezi lililochubuka. Niliipapasa yote. Mkuu wa mafundi alitaka kujua Haskett ni nani. Nilimwambia yuko safarini.

Tulikagua nyuma ya gari la Delbert, pembeni mwa shamba. Galen alizima trekta la kupandia, akaja kusikiliza. Alisema tangu Jumamosi wapita njia wanamuuliza Haskett ni mwenyekiti wa nini, wa umeme au wa upepo.

Mwalimu alisema roketi imepaa vizuri na imerudi nzima. Kimebaki kitu kimoja: kulinganisha kompyuta na fomu. Akaomba neno la siri. Nikasema nimelisahau. Delbert akakuna kidevu. "Bwana Haskett, si ni 'mwenyekiti'?" Akaandika. Ikafunguka.

Fomu: mia nane. Kompyuta ya kwanza: elfu sita. Ya pili: elfu sita.

Nilitegemea wanirukie. Hawakuruka. Delbert alinipa kalamu yake. Alisema nikate mia nane, niandike elfu sita, niandike kwamba nilibadilisha mwenyewe, niweke sahihi. "Mstari mmoja tu, Orrin. Mimi nasaini hapa hapa kwenye gari, na cheti ni chako." Mwalimu akasema hata yeye, ingawa roho inamuuma.

Mstari mmoja! Nilishika kalamu. Naandika ukweli wote: niliishika, na kwa muda fulani ncha iligusa karatasi. Halafu nikafikiri. Mtu huyu amejuaje neno langu la siri? Anayejua neno anaweza kubadilisha namba. Nikasema hivyo. Nilisema kwa sauti, mbele ya Galen, kwamba Delbert Koehn aliichezea roketi yangu ili nishindwe.

Trekta lilikuwa limezimwa, kwa hiyo kila neno lilisikika.

Galen ndiye aliyejibu. Alisema ngano hii ilitakiwa iwe ardhini wiki iliyopita. Delbert alimfuata mara mbili kumwomba asubiri, eti Orrin apate nafasi yake. "Nimechelewa kwa ajili yako, mzee. Sasa nipishe nipande."

Delbert alichukua kalamu yake kutoka mkononi mwangu. Taratibu. Mwalimu aliandika neno moja kwenye fomu: HAJAFAULU. Mwandiko wake ni mzuri sana.

Alhamisi, 3 Oktoba

Uchaguzi. Ukumbi wa chini wa kanisa, mchuzi wa maharage na maandazi ya mdalasini. Delbert akasimama. Hagombei! Anahamia Wichita karibu na binti yake. Alisema uamuzi huo ni wa tangu Agosti. Alisema alitarajia kupendekeza jina la mtu fulani, fundi hodari, lakini mtu huyo hajapata cheti. Watu wote walitazama maandazi yao.

Mwalimu amechaguliwa. Kura kumi na saba. Moja imeharibika, kwa kuwa iliandikwa jina la mtu asiye na cheti. Mwandiko wangu walishautambua.

Mwalimu alinifuata kwenye maegesho. Alisema roketi ni imara, Galen atafungua shamba Juni, nije na fomu mpya yenye ukweli mtupu, naye atakuwa wa kwanza kusaini. Akanishika bega. Nilimshukuru.

Nimekaa nalo jambo hili tangu nilipofika nyumbani. Kiti kilikuwa kinanisubiri tangu Agosti, nao wote wawili walinyamaza. Delbert anaenda zake Wichita. Nani kabaki na kiti? Nani alishika kalamu ya mwisho? Mwenyekiti wa saa tatu tu, na tayari ananishika bega! Kesho naanza kukusanya ushahidi dhidi yake. Kwa sasa haupo wowote. Lakini nina miezi minane.